Kufuga vunjajungu wa rangi nyumbani: anza na nzi

Vunjajungu hali jani, wala hali mzoga. Macho yake hufuata kinachosogea, na mikono yake hunasa kinachosogea. Akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye yai, hicho kinachosogea sharti kiwe kidogo kuliko punje ya mchele, na kipatikane leo, keshokutwa, na wiki nzima ijayo. Kundi zima la tunutu, yaani vunjajungu wachanga wasio na mabawa, wa aina iitwayo okidi lilinifia kwa sababu hiyo moja. Walianguliwa salama, wazima wote, nami nilikuwa na chupa moja tu ya nzi, tena iliyoingiwa na utitiri. Siku ya tano sikuwa na nzi hata mmoja wa kuwapa. Tangu hapo ratiba yangu haibadiliki: nzi hutangulia wiki tatu kabla vunjajungu hajaingia nyumbani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Chupa za nzi wa matunda

Nzi wa matunda wanaofugwa kwa kazi hii ni wa aina mbili. Drosophila melanogaster ana urefu wa milimita 2 hivi na ndiye chakula cha tunutu wachanga wa aina nyingi. Drosophila hydei ni mkubwa kidogo, milimita 3 hivi. Katika nyuzijoto 25, melanogaster hutoka yai hadi nzi kamili kwa siku 10 hadi 12. Hydei huchukua wiki tatu, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ukimtegemea yeye anza mapema zaidi.

Tafuta mbegu ya nzi wasioruka. Wapo wenye mabawa yaliyosinyaa, na wapo wenye mabawa kamili wasioweza kuyatumia. Kutoruka huko ni sifa ya kurithi ambayo hufunikwa kirahisi: nzi wa mwituni akiingia chupani na kupanda majike, watoto watakaotoka wataruka, na chupa hiyo haikufai tena. Joto nalo lina madhara yake. Likipanda kufikia nyuzi 30, madume ya melanogaster huwa tasa, na wale wa mabawa yaliyosinyaa huanza kuzaa watoto wenye mabawa marefu zaidi. Weka chupa kwenye kabati lenye kivuli, mbali na dirisha la jua.

Chakula cha nzi napika hivi. Ponda ndizi moja iliyoiva sana, changanya na vijiko vinne vya shayiri iliyosagwa, kijiko kimoja cha sukari na maji ya kutosha, kisha chemsha kwa dakika chache hadi uwe uji mzito. Kuchemsha huko kunaua mayai ya nzi wa mwituni na utitiri uliokuja na matunda. Uji ukipoa, tia kijiko kimoja cha siki ili kuzuia ukungu. Mimina kina cha sentimita 2 au 3 kwenye chupa safi ya mdomo mpana, nyunyiza hamira kidogo sana juu yake, halafu shindilia karatasi iliyokunjwakunjwa ili nzi wapate pa kupanda na mabuu wapate pakavu pa kugeukia pupa. Ingiza nzi 30 hadi 40. Funika mdomo kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri na ukibane kwa mpira. Chandarua cha kawaida hakifai, kwani nzi hawa hupenya matundu yake bila shida.

Andika tarehe kwenye kila chupa. Tengeneza chupa mpya kila wiki, hata kama zilizopo zimejaa nzi. Chupa moja huzaa vizuri kwa muda wa mwezi hivi, kisha uji wake hugeuka tope na utitiri huanza kuingia. Ikifika hapo iweke kwenye friza usiku kucha, ndipo uitupe. Usichote nzi wa kuanzishia chupa mpya kutoka kwenye chupa kuukuu: chota kutoka kwenye ile iliyotoa nzi wake wa kwanza wiki hii. Kuzuia utitiri usitambae kutoka chupa hadi chupa, simamisha kila chupa kwenye kisahani chenye maji membamba yaliyotiwa tone la sabuni.

Chupa mbili zikishaanza kutoa nzi kwa pamoja, ndipo ufikirie vunjajungu.

Hatua ya 2: Kuchagua aina

Duniani zimeorodheshwa aina zaidi ya 2,400 za vunjajungu. Zinazopendwa kwa rangi ni chache, na hazilingani kwa ugumu.

Kwa mara ya kwanza napendekeza Creobroter, vunjajungu wadogo wa maua kutoka Asia. Akikomaa huwa na urefu wa sentimita 4 hivi, mabawa ya kijani yenye doa mfano wa jicho, na mabawa ya ndani yenye wekundu ambao huuoni mpaka ayafungue. Anavumilia makosa madogo ya unyevu. Anayemkaribia kwa wepesi na kumzidi kwa madaha ni Pseudocreobotra wahlbergii wa mashariki na kusini mwa Afrika. Tunutu wake ni mweupe mwenye michirizi ya waridi na kijani, tumbo limejikunja juu na kujaa miiba kama ua lililoanza kufunguka. Akipata mabawa, kila bawa la mbele huwa na mzunguko wa rangi ya njano na nyeusi kama namba tisa. Mtishe kidogo naye atayainua yote mawili, na hapo utaangaliwa na macho mawili makubwa yasiyo macho.

Phyllocrania paradoxa wa Afrika na Madagaska hana rangi kali. Ni kahawia au kijani, umbo lake ni jani lililonyauka. Nimemweka hapa kwa kuwa ndiye mwalimu bora: ana subira, na anaweza kuishi kwa kundi bila kulana sana iwapo chakula kipo tele.

Hymenopus coronatus, vunjajungu wa okidi kutoka kusini-mashariki mwa Asia, ndiye anayetafutwa na wengi kwa sababu ya picha. Ni mweupe au wa waridi, miguu yake imetanuka kama petali. Watu hudhani anajificha ndani ya okidi. Utafiti wa wanasayansi wa Australia uliochapishwa 2014 ulionyesha jambo zuri zaidi: hata akikaa mahali pasipo ua lolote, nyuki na nzi humfuata yeye mwenyewe, tena kwa wingi kuliko walivyofuata ua la kawaida waliloweka kumlinganisha naye. Huyu anadai unyevu na joto la uhakika. Mnunue ukishalea kizazi kimoja cha aina nyepesi.

Na Idolomantis diabolica, yule mkubwa wa Afrika mwenye mikono ya nyekundu, nyeupe na nyeusi, mwache kwa sasa. Anataka joto la mchana la nyuzi 30 na kuendelea, chakula chake ni karibu wadudu wanaoruka tu, na akikosea kujivua gamba huwezi kumwokoa.

Kabla ya kununua, thibitisha kwamba sheria za unakoishi zinaruhusu kumiliki au kuingiza wadudu wa kigeni. Uliza pia kama mdudu amezaliwa kwenye ufugaji. Wa mwituni mara nyingi huja na vimelea.

Hatua ya 3: Kizimba

Kanuni ni mbili. Urefu wa kizimba kwenda juu uwe angalau mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Dari iwe ya wavu au kitambaa chenye mshiko, kwa sababu hapo ndipo atakaponing'inia kujivua. Kioo na plastiki laini darini ni hukumu ya kifo.

Tunutu mchanga anatosha kwenye kikombe cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa na kubandikwa wavu kwa ndani. Usimpe jumba kubwa akiwa mdogo, maana nzi watapotea humo naye atashinda njaa. Toboa tundu dogo ubavuni, lizibe kwa kipande cha sponji, na kupitia hapo utamwingizia nzi bila kufungua kifuniko ambacho huenda ananing'inia juu yake. Chini tandaza karatasi ya jikoni. Weka vijiti viwili vitatu upande mmoja, na nafasi iliyo chini ya dari uiache wazi.

Joto la nyuzi 24 hadi 28 mchana linawafaa wote niliowapendekeza, na usiku linaweza kushuka hadi 20. Pulizia maji kwenye kuta, usimpulizie mdudu. Creobroter na Pseudocreobotra kila siku ya pili inatosha. Okidi kila siku, unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Matone hayo ndiyo maji yake ya kunywa, utamwona akiyafyonza. Lakini kizimba kikauke kabla ya kupuliziwa tena. Unyevu usio na hewa huleta ukungu, na ukungu umeua wengi kuliko ukavu.

Jambo ambalo wageni husahau ni dawa. Dawa ya kupuliza ya mbu, udi wa kufukuza wadudu, dawa ya viroboto uliyompaka mbwa kisha ukashika kizimba kwa mkono ule ule: vyote hivyo humwua vunjajungu kama vinavyomwua mbu. Nawa mikono kwanza, na chumba cha wadudu kisipigwe dawa kabisa.

Hatua ya 4: Wiki za mwanzo

Tunutu mchanga wa okidi atakushangaza, kwani hana weupe wowote. Ni mwekundu na mweusi, anafanana na sisimizi au mdudu mwenye ladha mbaya, na weupe huja baada ya kujivua gamba mara ya kwanza.

Mpe melanogaster watano au sita kila siku, uone wangapi wamebaki kesho yake. Kipimo cha shibe ni tumbo. Likiwa bapa kama karatasi, ana njaa. Likiwa nene na la mviringo, ameshiba, usimwongeze. Siku mbili za kwanza anaweza asile kitu, na hiyo si dalili mbaya. Watenge kila mmoja na kikombe chake, isipokuwa Phyllocrania. Ndugu wa tumbo moja hulana bila kusita.

Hatua ya 5: Kujivua gamba

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapompoteza mdudu waliyemlea kwa miezi. Vunjajungu hujivua mara sita hadi tisa kabla ya kukomaa, kutegemea aina na jinsia, na kila mara maisha yake yananing'inia kwenye kucha za miguu ya nyuma.

Dalili huanza siku moja hadi nne kabla. Anakataa chakula, au anamkwepa nzi aliyekuwa akimrukia jana. Anapanda darini na kubaki hapo, kichwa chini. Ngozi inafifia na kuwa kama imeingiwa na vumbi. Kwa anayekaribia kujivua mara ya mwisho, vifuko vya mabawa mgongoni huvimba waziwazi.

Ukiona hivyo, fanya mambo matatu tu. Toa kila mdudu aliye hai ndani ya kizimba, kwa sababu hata nzi mdogo akimkanyaga katikati ya kazi anaweza kumwangusha, na nyenje humtafuna akiwa laini. Pulizia maji kidogo ukutani, kwani ngozi ya zamani katika hewa kavu hung'ang'ania miguuni. Kisha ondoka. Usihamishe kizimba, usigonge, usifungue uone amefika wapi. Nimewahi kukaa mbali kidogo na kutazama: mgongo unapasuka, kifua kinatoka, halafu miguu inavutwa mmoja mmoja kama mtu anayevua soksi ndefu. Anabaki akining'inia kwa ncha ya tumbo hadi miguu mipya ipate nguvu, kisha anajipinda juu na kulishika gamba lake au dari. Kutoka kwenyewe huchukua dakika chache, lakini kukauka huchukua saa nyingi.

Usimlishe mpaka ipite siku moja kamili, na kwa aliyepata mabawa siku mbili. Mikono ambayo haijakauka hupinda akishika windo, na ikipinda haitanyooka mpaka ajivue tena. Mguu uliokatika, kwa upande mwingine, huota upya taratibu katika kujivua kunakofuata, mradi hajakomaa.

Akianguka katikati ya kazi, unayo nafasi finyu. Mwinue kwa kushika gamba tupu, siyo mwili, na ulining'inize gamba hilo juu kwa pini au gundi ya karatasi ili uzito wake umvute chini. Wapo waliopona hivyo.

Hatua ya 6: Chakula kikubwa

Kuanzia kujivua kwa tatu hivi, melanogaster huwa ni wadogo mno. Hydei hufuata, kisha nzi wakubwa. Kwa vunjajungu wa maua hakuna chakula kinachowafaa kama kinachoruka, kwa sababu ndicho walichoumbiwa kuvizia. Njia safi ni kununua pupa wa nzi wa buluu, Calliphora. Kulea mabuu yake kunahitaji nyama na kuna harufu ambayo nyumba haiivumilii. Pupa hukaa kwenye jokofu wiki mbili hivi. Toa kiasi unachohitaji, weka kwenye joto la chumba, na baada ya siku chache nzi watatoka. Kabla ya kuwatoa sadaka, walishe siku nzima maji ya asali na chavua kidogo: kilichomo tumboni mwa nzi ndicho kinachoingia kwa vunjajungu. Nzi wakikusumbua kwa kasi, weka chupa yao kwenye jokofu dakika tano. Watapoa na kutembea polepole.

Nondo wa nta, Galleria mellonella, ni wa pili kwa thamani. Mabuu yake hukua kwenye pumba zilizochanganywa na asali na gliserini, katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha wavu wa chuma, kwa kuwa hutafuna plastiki na kutoroka. Nondo anayetoka huzunguka kizimba chote, na mdudu mvivu huamka. Ila kama wewe au jirani yako mna mizinga, usiwafuge kabisa. Mabuu haya ndiyo yanayoharibu masega ya nyuki.

Mende wa Blaptica dubia hufugika kirahisi: sanduku lenye giza, trei za mayai zilizosimamishwa, joto la nyuzi 28, pumba na karoti. Hawapandi ukuta laini wala hawaanguliwi nje ya mama. Hutoka wakiwa hai. Ubaya wake ni kwamba hujifukia, kwa hiyo mshike kwa kibano mbele ya vunjajungu mpaka anaswe. Tenebrio molitor, yule buu wa rangi ya dhahabu anayeishi ndani ya pumba, naye hulishwa kwa kibano. Nyenje nawatumia mara chache. Wafugaji wengi, nami nikiwemo, tumeona vunjajungu wakitapika kimiminika cheusi baada ya kula nyenje waliokaa kwenye uchafu. Kama huna budi, wafuge mwenyewe, pakavu, na usimwache nyenje kizimbani usiku.

Kanuni ya ukubwa: windo lisizidi nusu ya urefu wa vunjajungu. Wakubwa hulishwa kila siku ya pili au ya tatu. Jike aliyekomaa na kunenepa akianguka kutoka juu anaweza kupasuka tumbo.

Hatua ya 7: Rangi yenyewe

Rangi huwekwa na mbegu kwanza, kisha mazingira huisukuma huku na huku. Phyllocrania aliyelelewa kwenye mwanga na unyevu zaidi ana nafasi kubwa ya kuwa kijani. Kwenye ukavu huelekea kahawia. Okidi huhama kati ya weupe na waridi ndani ya siku kadhaa kwa kufuata mwanga na unyevu. Kwa wengine, badiliko huonekana wakati wa kujivua tu. Mpe mwanga mzuri wa mchana usio jua la moja kwa moja, na giza kamili usiku. Usiku macho yake huwa meusi. Usidhani ni ugonjwa. Doa jeusi lisilotoka mchana ndilo la kuhofia, na mara nyingi limetokana na kusugua macho kwenye plastiki akitafuta mwanga.

Hatua ya 8: Kuzalisha

Jinsia huonekana chini ya tumbo kwa kioo cha kukuzia: dume ana pingili nane, jike ana sita, ya mwisho ikiwa kubwa. Kwa okidi tofauti ni ya kushangaza, jike hufika sentimita 6 au 7, dume hafiki nusu yake. Dume pia hukomaa mapema sana. Mlee mahali pa baridi kidogo na umpunguzie chakula, huku jike akikaa kwenye joto na kula vizuri, la sivyo atakufa kwa uzee kabla mwenzake hajawa tayari.

Subiri wiki mbili hadi tatu baada ya jike kupata mabawa. Mshibishe siku mbili mfululizo. Kwenye kizimba kikubwa mpe nzi mkubwa, na akiwa ameshughulika kula, mwachie dume kwa nyuma yake, mbali kiasi. Waache usiku mzima ukiwa karibu, na dume akishuka mtoe mara moja.

Jike atapaka kifuko cha mayai kwenye kijiti, kikiwa povu linalokauka na kuwa gumu. Anaweza kutoa vifuko kadhaa baada ya kupandwa mara moja. Kihamishe pamoja na kijiti chake, kining'inize upande ule ule uliokuwa juu, pulizia maji kila siku ya pili, nyuzi 25 hadi 28. Okidi huanguliwa baada ya wiki nne hadi sita, tunutu thelathini hadi mia kwa asubuhi moja. Watakaokuzidi wape wafugaji wengine. Usiwaachie nje wa kigeni, hata mmoja.

Tarehe ya kifuko iandike ukutani. Siku yake ya kumi na nne, ponda ndizi na uwashe jiko: chupa tatu mpya za melanogaster, na nyingine mbili wiki inayofuata.